Skauti wa Kuazima

Sikieni. Kwa muda wote ambao kundi la skauti la kijiji kile, huko juu ya Dongobesh, lilikuwepo, kiongozi wake Baltazar hakuwahi kuliona likifanya kazi. Hata Jumamosi moja! Watoto wakiwa uwanjani wanajifunza kufunga mafundo na kumbeba mgonjwa kwa miti miwili na shuka, Baltazar yeye yuko juu ya kichuguu nyuma ya mashine yake ya kusaga, simu kainyanyua juu, anatafuta mtandao. Ilikuwa simu ya kwanza kijijini, nene kama kipande cha sabuni ya mche, na mtandao wenyewe ulikuwa bado haujafika. Hakujali. Alikuwa anaongea nayo hivyohivyo.

Aliyefanya kazi ni Philomena, fundi cherehani wa pale barazani mwa duka la Patriki. Cheo chake kiliitwa msaidizi wa kiongozi. Sasa kiongozi hayupo, msaidizi anamsaidia nani? Ndiye aliyewafundisha watoto kuwasha moto kuni zikiwa zimelowa, ndiye aliyewapeleka kuwachotea maji wazee, ndiye aliyelowa nao mvua. Philomena hakumchukia Baltazar. Chuki inataka muda, na Philomena muda hakuwa nao. Alimdharau tu, kimyakimya, kila siku, kama mtu anavyofagia uwanja.

Na watoto wale walikuwa na hamu moja: kuvishwa skafu. Mtoto anaweza kujua mafundo yote ya dunia, lakini mpaka asimame mbele ya mkubwa wa skauti, aseme ahadi yake, avishwe skafu shingoni, bado ni mtoto tu aliyevaa kaki. Hiyo kaki yenyewe waliitolea jasho. Walikwenda mashamba ya watu kung'oa vitunguu saumu, misimu miwili, wakirudi wananuka mpaka mwalimu anafungua madirisha ya darasa. Walichopata kikanunua kitambaa. Philomena akawashonea sare bila kuwadai hata uzi. Skafu akazishona mwisho, za kijani zenye ukingo wa njano, akazikunja, akazitia kwenye kapu lake. Zikakaa humo. Mtu wa kuwavisha alikuwa hajapatikana, maana Baltazar hakuwa na kibali, na kusema ukweli hata yeye hakuna aliyewahi kumwona akivishwa.

Ndipo Arusha ikakatwa, ukazaliwa mkoa wa Manyara, makao makuu Babati. Weee! Vyeo vilinyesha kama mvua ya masika. Kila mwenye kalamu mfukoni aliota kuwa mkuu wa kitu. Habari ikafika kwamba kuna mzee anaitwa Nicodemo, wa kamati fulani ya muda huko Babati, anazunguka kuvisha watoto skafu na kutazama nani anafaa kuongoza skauti wa wilaya nzima. Baltazar kusikia hivyo, kichwa kikavimba. Akaenda mpaka Katesh kutafuta kofia. Akarudi na kofia pana sana, hata mlangoni aliingia kwa ubavu.

Siku yenyewe ilifika na ukungu wake na baridi yake. Watoto walikwenda kwenye stoo ya mashine kuchukua sare, maana Baltazar alisisitiza zitunzwe kwake, eti kwa Philomena kuna panya. Wakakuta stoo wazi. Mbele ya stoo wamejipanga vijana wa timu ya mpira, ndevu zinachomoza, kila mmoja amebanwa ndani ya kaki ya mtoto! Shati la Irene, yule binti mdogo aliyekuwa kiongozi wa kikosi cha Swala, lilikuwa mwilini mwa golikipa, vifungo viwili vimeshakatika na kitovu kinachungulia.

Philomena alitua kapu chini.

"Baltazar, hii ni nini?"

"Usipige kelele, dada Philo. Mgeni anataka kuona vijana. Vijana! Wewe unaniletea vitoto vifupi vyenye makamasi, vingine peku. Nitapewaje wilaya na makamasi?"

"Hii si timu ya mpira?"

"Leo ni skauti."

"Wanajua nini cha skauti?"

"Kusimama," alisema Baltazar. "Kwani skauti wanafanya nini kingine?"

Kapteni wa timu, Sulle, alijaribu kucheka, lakini kaptula ilimbana, akaacha. "Shikamoo dada," alisema kwa aibu. "Tumeambiwa kuna nyama."

Irene akavuta sketi ya Philomena. "Dada, na skafu zetu je?"

Baltazar akamjibu yeye, tena kwa sauti ya hotuba. "Nyie mtavishwa safari nyingine. Leo mtapika. Huo pia ni uskauti, kuhudumia jamii. Haya, jikoni, mbio! Moshi hauchagui sare."

Safari nyingine! Philomena aliijua hiyo safari nyingine. Mzee Nicodemo akishaondoka na jina la Baltazar kichwani, nani tena ataleta gari kwenye ule mlima kwa ajili ya watoto peku? Alifungua mdomo amwage yote, lakini Land Rover ilishaanza kunguruma kwenye kona. Akachukua kapu lake, akawafuata watoto jikoni, kwenye kile kibanda cha mabati nyuma ya uwanja. Hakuna aliyelia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Walianza tu kupanga kuni vizuri, kama walivyofundishwa.

Mzee Nicodemo alishuka kwenye gari tumbo kwanza, beji zimejaa kifuani kama vizibo vya soda. Kabla macho yake hayajaona uwanja, pua yake ilishaliona jiko. "Mbuzi?" aliuliza.

"Wawili, mzee!" alisema Baltazar, kofia mkononi, mgongo umepinda. "Shikamoo mzee, karibu sana. Kikosi changu kile pale. Nimekilea mwenyewe kwa mikono yangu hii."

Philomena alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, moshi nyuma yake. Akatema mate pembeni.

Mgeni akaanza kukagua. Akafika kwa Sulle, akanyoosha mkono wa kushoto. Ndivyo skauti wanavyosalimiana dunia nzima, kwa mkono wa kushoto, na hili Philomena alilifundisha kwa taabu, maana alilazimika kuzunguka kwa wazazi mmoja mmoja kuwaeleza. Mtoto wa Mbulu kumpa mtu mzima mkono wa kushoto? Heri umtukane! Sulle wa watu, mtoto aliyelelewa na kuleleka, aliutazama ule mkono kama ametupiwa nyoka. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akatoa wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko, magoti yakapinda mpaka kaptula ikalia prrr nyuma.

"Shikamoo mzee!"

Mzee Nicodemo akabaki na mkono wake hewani. Akahamia kwa wa pili. Kushoto tena. Wa pili naye wa kulia, kiwiko, magoti, "Shikamoo mzee!" Wa tatu vilevile. Alipofika kwa golikipa, kijana akashindwa kuvumilia. Akaushika ule mkono wa kushoto kwa huruma kwa mikono yote miwili, akauliza, "Pole sana mzee. Wa kulia umeumia na nini?"

Wazazi waliokaa kwenye nyasi wakaangua kicheko. Mama mmoja akasema, "Jamani, si wamwache mzee wa watu, mgonjwa!"

Sasa hapo mtu mwenye haya angesema kitu. Mzee Nicodemo si mjinga, aliona. Baltazar naye aliona kwamba mzee ameona. Wakatazamana, macho kwa macho. Upepo ukapita ukaleta harufu ya mchuzi. Mzee Nicodemo akalamba midomo.

"Vijana wana nidhamu," alisema. "Tuendelee na ratiba. Skafu ziko wapi?"

Philomena alisikia masikio yanamwaka moto. Kumbe wako wawili! Kofia pana na beji nyingi, ndani mmoja yule yule. Wangewavisha wacheza mpira skafu za watoto, wale nyama, wapeane cheo, warudi makwao wakalale.

"Philo!" Baltazar aliita. "Lete skafu!"

Philomena aligeuka jikoni. "Irene."

"Naam dada."

"Wekeni miiko chini. Epueni masufuria. Mnawe mikono."

"Lakini nyama haijaiva, dada."

"Najua."

Walitoka kwa mstari, Irene mbele, masizi puani, mmoja bado ana kitunguu mkononi. Walitembea kwa hatua moja, kushoto, kulia, kushoto, kulia, mpaka mbele ya mgeni, wakasimama kwa pamoja. Hata wale wa mpira walijinyoosha bila kuambiwa.

"Shikamoo mzee," alisema Philomena. "Skafu ninazo. Skauti wako hawa hapa. Wale wengine wanadaka mpira vizuri sana, lakini skauti ni hawa."

Baltazar alicheka kicheko cha meno matupu. "Mzee, huyu ni fundi wetu wa nguo, ana... ana mambo yake. Hao ni wapishi."

"Ni wapishi kweli," alisema Philomena. "Na wapishi wameacha kupika. Sufuria ziko chini. Mbuzi bado mgumu kama kandambili. Mzee, hawa wakivishwa, mbuzi atarudi motoni. Wasipovishwa, Babati si mbali, utakula huko."

Jamani! Mgeni alitazama jikoni. Moshi ulishaanza kupungua. Uso wake ukafanya hesabu ndefu, na tumbo ndilo lililokuwa likihesabu.

"Hawana sare," alisema mwishowe, kidogo tu, kama mtu anayeomba.

"Sulle!" aliita Philomena.

"Dada!"

"Vueni."

Hakurudia. Wale vijana walivua kwa furaha, yaani kama watu waliotolewa gerezani. Wakabaki na bukta zao za mpira na vifua wazi, baridi inawapiga, wanacheka. Golikipa alimrudishia Irene shati lake akiinama: "Samahani mdogo wangu, nimelipanua." Irene alilivaa juu ya gauni, akalibana kwa pini ya Philomena. Lilimning'inia kama hema. Hakujali hata kidogo.

"Haya," alisema Mzee Nicodemo, anaharakisha. "Kiongozi, waongoze ahadi."

Baltazar alikohoa. Akavua kofia. Akavaa kofia. Akanyanyua mkono. "Kwa heshima yangu," alianza, na hapo alikuwa sawa, "naahidi... naahidi kwamba... katika raha na katika shida, katika ugonjwa na katika..."

Ndoa! Mtu mzima anawafungisha watoto ndoa! Kiapo kingine maishani mwake hakukijua, na hicho chenyewe alikisema kanisani kwa kusomewa. Mkewe, kule kwenye nyasi, alijifunika uso kwa kitenge.

Irene hakungoja. Sauti yake ilitoka nyembamba, ikapita juu ya ile ya Baltazar, na wenzake wakaidaka. Wataifanya kazi yao kwa Mungu na kwa nchi. Watawasaidia watu wakati wote. Watazitii kanuni. Neno kwa neno, hakuna aliyepotea, hakuna aliyemtazama Baltazar. Yeye aliendelea kuchezesha midomo nyuma yao, akiwafuata kwa kuchelewa, kama mtu anayeimba wimbo asioujua misani.

Philomena alifungua kapu. Mzee Nicodemo akavisha, moja baada ya nyingine, haraka haraka, jicho moja jikoni. Lakini alivisha. Fundo likakaa shingoni kwa Irene, kijani na njano juu ya lile shati kubwa, na mtoto akashusha pumzi iliyokaa kifuani misimu miwili. Mgeni akampa mkono wa kushoto, naye akautoa wa kwake, imara, macho juu.

Basi. Kilichotakiwa kimepatikana. Philomena alitimiza neno lake: watoto walirudi jikoni, wakachochea moto, wakapandisha sufuria, skafu wamezigeuzia mgongoni zisishike masizi. Kisha akawaita nje.

"Sasa nyumbani, mkawaonyeshe akina mama. Mbuzi yuko motoni, kama nilivyosema."

Baltazar alimkimbilia, kofia imeenda upande. "Umenivua nguo mbele ya mgeni! Unajua nilikuwa napewa wilaya leo?"

"Utapewa tu," alisema Philomena. Na hakuwa anamtania. Ule mkoa ulikuwa mpya, nafasi zilikuwa nyingi, na watu wa kuzijaza walikuwa ndio hao. Baada ya muda si mrefu kweli alipewa, pamoja na muhuri, akawa anaupiga hata kwenye magunia ya pumba.

"Na nyama? Nani ataitazama nyama?"

"Wewe si kiongozi?"

"Mimi sijawahi kupika!"

"Moshi hauchagui sare," alisema Philomena, akamwachia mwiko mkononi.

Watoto walishika barabara ya chini, ile ndefu inayopita mbele ya nyumba zote, wakiimba. Sulle na wenzake wakawafuata na bukta zao, nao wanaimba wasiyoyajua. Nyuma kabisa, kwenye kibanda cha mabati, mtu alikuwa anapuliza moto na kukohoa, anapuliza na kukohoa, na mgeni kwenye kiti chake cha heshima alikuwa anauliza kila baada ya muda, kwa sauti ya njaa, "Bwana Baltazar, bado?"

Philomena hakugeuka. Alikuwa anatazama pini ya Irene isije ikafunguka.