Mkono wa Mansour

Mansour alikuwa dereva wa lori. Kwa miaka mingi alibeba saruji na unga kati ya Kolwezi na Fungurume, na mkewe Nuru alikuwa amezoea kumwona akiingia na vumbi kichwani, akilala, kisha akiondoka tena. Siku moja, karibu na Nzilo, waya wa kufungia mzigo ulikatika ukampasua mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Hospitalini waliuunga mshipa wa fahamu uliokatika. Hata hivyo kidole gumba na viwili vilivyo jirani yake vilibaki kama vya mtu mwingine. Ukivifinya, hajui.

Mkono ukavimba. Masudi, mdogo wake, akaleta vidonge alivyonunua sokoni.

"Hii ni kali," alisema. "Kesho kuvimba kutaisha."

Nuru akavitia kwenye mkoba. "Tutauliza kwanza."

Daktari aliyefuatilia kidonda kile, Stéphanie, alivitazama, akaviweka mezani.

"Mama Nuru, umefanya muzuri kubileta. Tata Mansour, mushipa ukikatwa, kipande ya chini inakufa. Askari ba mwili banakuja kukula ile yenye kufa, juu njia ifunguke. Kuvimba ni kazi yabo. Na banatuma ujumbe. Ni kama dawa ndogo-ndogo mwili inajitengenezea yenyewe. Ingine inaita askari bengine, ingine inaambia mushipa uote, ushuke mupaka ku vidole. Ukizima ujumbe yote na ibi bidonge, nani ataita mushipa?"

"Basi tuache ivimbe tu?" Mansour aliuliza.

"Apana. Kuvimba kukikawia sana, kunaleta kovu na maumivu. Njo maana niko naangalia. Hata ba docteur bakubwa bangali banachunguza dawa gani inasaidia na gani inaharibisha. Lakini kumeza bila kuniuliza, apana."

Kisha akamwonyesha Nuru namna ya kugonga kwa ncha ya kidole, kuanzia kwenye kovu kushuka chini. Pale ambapo Mansour angesikia kama siafu wanatembea, hapo ndipo mshipa umefika.

Ikawa kazi yao ya kila asubuhi, baada ya sala. Nuru anagonga, Mansour anafumba macho. Kwa kuwa siafu walitembea polepole mno, walizungumza. Mansour akagundua kwamba mkewe hucheka peke yake akisikiliza sauti alizotumiwa kwa simu na dada yake wa Kindu. Nuru naye akasikia kwa mara ya kwanza kwamba mumewe huogopa mteremko wakati wa mvua, na kwamba huimba kwa nguvu ili msaidizi wake asijue.

Kuna kipindi siafu walisimama mahali pamoja. Mansour akanuna.

"Bidonge bya Masudi biko wapi?"

"Nilimurudishia."

Akageukia ukutani. Nuru hakubishana naye. Alimfanyisha mazoezi ya vidole kama kawaida, kimoja kimoja, na asubuhi iliyofuata akagonga tena. Baada ya muda siafu wakaendelea, wakavuka kifundo cha mkono, wakaingia kiganjani.

Siku moja mchana Nuru alitenga bukari, ugali wao wa moto, na samaki. Mansour akapeleka mkono wa kulia kwenye sahani, akaurudisha haraka.

"Inaunguza," alisema taratibu.

Nuru akaacha kumimina maji. "Wapi?"

"Kidole gumba."

Akakirudisha tena kwenye bukari, makusudi, na macho yake yakajaa machozi. Nuru akaivuta sahani huku akicheka. "Acha. Utaniletea kidonda kingine."

Mkono haukurudi wote. Ncha ya kidole cha shahada bado ni nzito, na vifungo vya shati humshinda. Dokta Stéphanie alimwambia hilo huenda likabaki hivyo, naye akalikubali bila shida. Mwenye malori akampa kazi ya kupanga mizigo hapa hapa Kolwezi, na siku hizi huja nyumbani kula.

Majuzi Masudi alimuuliza kama haikumbuki barabara.

"Naikumbuka," Mansour alijibu. "Lakini mi na Nuru tulikuwa hatujaanza hata kuongea. Acha tuongee kwanza."