Friji Iliyovishwa Kitambaa

Kikombe cha bati kiligonga mfuniko wa ndoo, kikatulia, kisha kikagonga tena. Alfajiri ilikuwa bado. Nilikuwa macho kitandani nikimsikiliza mume wangu akinywa maji gizani, akihema, akichota mengine.

"Mzee, kiu gani hiyo?"

"Samaki wako ulimzidishia chumvi."

Hatukuwa tumekula samaki. Tulikula viazi, tena vya chumvi kiduchu, maana yeye ana ugonjwa wa sukari. Nilitaka kumwambia, nikanyamaza. Upande wa pili wa ukuta walilala wageni, na ukuta wetu ni wa mbao, hata ukipiga chafya mwenzako anakuombea afya.

Wageni wenyewe walikuwa maharusi wapya waliokuja fungate. Aliyetuletea ni mkwe wangu, mke wa mwanangu. Alikuwa amepata kazi kwenye kampuni inayopeleka watu kupumzika bila kuchafua mazingira. Wageni huacha gari kwenye kizuizi chini ya kilima, hupanda kwa baiskeli, hulala kwenye nyumba za watu wa huku juu, na huondoka bila kuacha hata chupa moja ya plastiki. Wazo lenyewe sikuliona baya. Tangu waanze, kijito chetu kilipata kupumua, na ndege walirudi kwenye miti iliyo nyuma ya choo.

Shida ilikuwa tangazo lao. Kwenye tangazo, nyumba zote ziliandikwa kwamba hazina umeme. Yetu inao. Tuna taa, tuna redio ya jikoni, na tuna friji ndogo ambayo mwanangu alimnunulia baba yake kwa ajili ya dawa yake ya sindano.

"Wiki moja tu, mama," mkwe wangu aliniambia siku alipokuja kuandaa nyumba. "Nimeshawaambia kazini kwamba kwetu hakuna. Wakijua, ndiyo basi tena. Mwanao kibarua anapata leo, kesho hapati. Unajua mwenyewe."

Nilijua. Basi akazima swichi kubwa. Akatundika taa nne za mshumaa zenye vioo, mali ya kampuni. Friji akaivisha kitambaa cha meza kirefu mpaka chini, juu akaweka chombo cha maua, ikapendeza kweli. Dawa akaihamishia kwenye boksi la barafu. Kila jioni baada ya kazi alipanda kilima na barafu mpya kichwani, maji yakimtiririka shingoni, ili baba mkwe wake asikose dawa. Naliandika hili mapema ili asije mtu akamhukumu.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Bwana harusi alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, mtu wa kushangaa kila kitu. Alishangaa kuku, akashangaa jiko la kuni.

"Babu, nyinyi mna bahati," alisema wakati wa chai. "Hakuna friji, hakuna televisheni. Sisi mjini tumefungwa minyororo na mashine."

Alikuwa ameegemeza kiwiko kwenye friji yenyewe wakati anasema. Mume wangu aliinamia kikombe chake mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Bahati tunayo," akajibu. "Hata hivyo huyu mkeo namchukua. Mke wangu wa kwanza amechoka, anahitaji msaidizi."

"Babu! Huyu ni wangu, nimemleta kwa baiskeli!"

"Wewe una baiskeli, mimi nina nyumba. Muulize mwenyewe anachagua nini."

Bibi harusi akaniangalia. "Bibi, huyu mume wetu tumfanyeje?"

"Mchukue, mwanangu, na soksi zake pia."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Ndiyo maana siku ya nne, mzee alipokaa mbele ya chai yake bila kumtania mtu, niliingiwa na ubaridi. Macho yake yalikuwa yamezama. Alikwenda chooni, akarudi, akaenda tena. Bibi harusi alimsalimia, "Mume wangu umeamkaje?" naye akamtazama kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Dawa umejidunga?" nilimuuliza chumbani.

"Nimejidunga. Jana, juzi, na leo. Kwani mimi mtoto?"

Nilimwona akijidunga, kweli. Lakini chumba chetu kina kidirisha kidogo, na mshumaa ni mshumaa. Tulikuwa tunaiona sindano tu, dawa yenyewe hatukuwa tunaiona vizuri.

Mchana huo bibi harusi aliniomba aniwekee maua mapya. Alipovuta chombo, kitambaa kikaja nacho, na mlango mweupe wa friji ukatokeza, na mpini wake. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio. Tulisimama hivyo. Mumewe alikuwa uani akipiga miluzi, akifuta baiskeli.

 Yule binti alikirudisha kitambaa, akakinyoosha pembe zote, akaweka chombo katikati. Kisha akaja karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, babu anakunywa maji usiku kucha. Baba yangu alikuwa hivyo kabla ya kulazwa. Kama kuna kitu, niambie."

Nilitaka kumwambia. Mkwe wangu, aliyewahi kutoka kazini siku hiyo, alikuwa mlangoni na barafu mpya, ametusikia, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba bila kufungua mdomo. Nikasema, "Ni joto tu, mwanangu." Bibi harusi akaitikia kwa kichwa. Hakuniamini, ila aliniheshimu.

Jioni mzee alitapika. Mkwe wangu aliosha lile beseni mwenyewe, akalala jikoni ili awe karibu. "Kesho mchana wanakwenda kuona maporomoko," aliniambia. "Wakiondoka tu namteremsha hospitali. Nakuahidi, mama." Nami nikakubali kungoja.

Karibu na alfajiri niliamka kwa sababu kikombe hakikulia. Nilisikiliza. Ndoo kimya. Nikapapasa, nikamkuta mume wangu kitandani anapumua kwa nguvu na kwa kina kama aliyepanda kilima mbio, mdomo mkavu, pumzi ina harufu ya matunda yaliyochacha.

"Mzee. Baba nanihii. Niitikie."

Hakuitika. Hata nilipomwita jina la utani ambalo hulichukia, hakuitika.

Nilitoka kwenda kwenye swichi kubwa iliyo kwenye korido. Mkwe wangu alinisikia, akaja akasimama mbele yake, kanga begani, nywele timutimu.

"Mama, tumia tochi. Nakuomba. Kutapambazuka sasa hivi."

"Mwanangu, sogea."

"Mama, nitakula wapi?"

"Tutakula pamoja tulichonacho. Sogea, nione uso wa mume wangu."

Alianza kulia. Lakini alisogea.

Nilipandisha swichi. Nyumba nzima ikawaka. Redio ya jikoni ikapasua ukimya na mtu akitangaza bei za mahindi. Friji ikanguruma chini ya kitambaa chake, chombo cha maua kikatetemeka, na maharusi wakatoka chumbani wakifinya macho kwa mwanga.

Sikuwajali. Nilimtazama mzee usoni, kisha nikaichukua chupa ya dawa kwenye boksi, nikaiinua kwenye taa. Ilikuwa imelala juu ya barafu tupu, bila hata kitambaa cha kuitenga. Ndani yake punjepunje nyeupe zilishikamana na kioo, na nilipoitikisa hazikuachia.

"Iliganda," bibi harusi alisema nyuma yangu. "Bibi, dawa hii ikiganda haifanyi kazi tena."

Mkwe wangu aliweka mikono kichwani. "Nilidhani baridi ikizidi ndiyo nzuri zaidi," alisema. "Nilikuwa naongeza barafu. Kila siku nilikuwa naongeza."

Bwana harusi aliitazama friji, akatutazama sisi. "Kwa hiyo mlikuwa mnatudanganya," akasema. Halafu akasikia ile pumzi ya mume wangu kutoka chumbani, na sura yake ikabadilika.

"Gari la kampuni liko wapi?"

"Chini, kwenye kizuizi," mkwe wangu alijibu. Alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia dereva wa kampuni, akamwamsha, akamwambia apandishe gari mpaka mlangoni, na alipoulizwa kwa ruhusa ya nani, akataja jina lake mwenyewe, waziwazi. Mlinzi wa kizuizi alikuwa amezima simu. Bwana harusi hakungoja kuambiwa. Alichukua baiskeli, akateremka kilima gizani bila viatu, bila miwani, kwenda kumgongea dirisha afungue.

Gari lilifika mbingu zikianza kupauka. Tulimbeba mzee kwenye blanketi, sisi wanne.

Hospitalini walimtundikia maji na kumpa dawa nzuri. Yule kijana alikaa nasi kwenye benchi nyayo zake zikiwa na damu, fungate lake likiishia pale kwenye harufu ya dawa ya sakafu. "Bibi, mimi nilikuwa nimeegemea ile friji," alisema mara moja tu. Nikampa kanga yangu ajifunge miguu. Walikaa mpaka mzee alipofumbua macho na kumwomba bibi harusi amsogezee mto. Alimwita "mwanangu." Bado hakuwa na nguvu ya kumwita mke.

Wao hawakulalamika kokote. Lakini gari halipiti kizuizini bila kuulizwa, na wiki haikwisha kabla mkwe wangu hajaachishwa kazi. Mwanangu naye alimfokea mkewe kwa simu mpaka nikampokonya mkwe wangu ile simu. Baada ya hapo binti wa watu aliacha kuja. Nilituma salamu, zikarudi salamu. Mzee alirudi nyumbani amekonda, anatembea kwa kushika kuta, na kila nilipotandika meza aliuliza, "Leo pia haji?"

Alikuja siku kampuni ilipodai taa zake. Alisimama mlangoni na mfuko, hakutaka kukaa, hakutaka chai.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nipe maji, mama."

Mkwe wangu alichota. Kikombe cha bati kikagonga mfuniko wa ndoo, na sote watatu tukakitazama. Mume wangu alikunywa nusu, akamrudishia, akasema yanatosha. Mkwe wangu alikishika kile kikombe muda mrefu kuliko kinavyohitaji kushikwa. Kisha akaanza kukusanya taa.

"Ziko tatu," alisema. "Zilikuwa nne."

"Labda ya nne imepotea," mzee akajibu, uso mkavu. "Si unaona nyumba ilivyo kubwa."

Nyumba yetu ina vyumba viwili, jiko na korido. Mimi kutoka nilipoketi nilikuwa naiona ile taa chini ya kiti chake, nyuma ya miguu, blanketi likiifunika nusu. Niliendelea kuchambua mchele.

"Watanisema, baba."

"Waambie mkwe wako amezeeka, anasahau alipoweka vitu. Njoo Jumapili uitafute. Na ukiikosa Jumapili, mama, njoo tena."