Bega la Kamate

Katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa yao, Masika na Kamate hawakupigwa picha pamoja hata mara moja. Serikali iliwapiga mmoja mmoja, kwa ajili ya karte ya uchaguzi, na mtu wa serikali alimwambia kila mmoja asicheke. Hawakucheka. Kamate alipokufa, ile karte ndiyo iliyobaki na sura yake, ukubwa wa kifuniko cha chupa.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Jumamosi ukoo ungekutana kumaliza kilio, na Masika alitaka kitu kimoja tu: picha kubwa, yeye amekaa kwenye kiti, Kamate amesimama kando yake vile alivyokuwa anasimama. Sura yake alikuwa nayo kwenye karte. Kusimama kwake ndiko kulikoanza kumtoroka. Asubuhi moja alifumba macho ili amwone anaingia mlangoni, akaona mlango peke yake.

Kwa hiyo Jumatatu alifunga karte ndani ya kitambaa, akabeba na sahani ya maharagi ya kuchambua, maana alijua mambo ya mashine huchukua muda, akaenda Ndosho kwa Benny.

Benny alikuwa baba wa watoto wawili na kazi yake ilikuwa montaji. Ulimletea vichwa, yeye akavipa miili. Ndani ya ordinatere, kompyuta yake, alihifadhi miili kumi na moja ya wanaume: saba ya kositimi, mitatu ya mashati ya kitenge, na mmoja wa joho la kuhitimu chuo kikuu, ambao ndio ulioombwa kuliko yote. Wazee wengi wa Ndosho walikuwa wamehitimu pale pale kwa Benny.

Alimkalisha Masika kwenye kiti, akampiga picha. Kisha akaipitisha karte kwenye mashine, akakikuza kichwa cha Kamate mpaka kikajaa kioo, akaanza kukizungushia vidoti vidogo vidogo, sikio la kwanza, kipara, sikio la pili, mpaka kikabanduka. Picha ya karte haikuwa na rangi. Rangi ya ngozi akaiazima kwenye shavu la Josias, mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa ndani ya simu ya Masika. Halafu akakiteremsha kichwa juu ya kositimi ya kijivu yenye tai, akakilainisha shingoni, akamsimamisha kando ya kiti cha Masika.

"Angalia, mama."

Masika aliweka maharagi chini. Akaangalia muda mrefu.

"Ni mwanaume muzuri," akasema. "Ni nani?"

"Mama! Si njo papa Kamate?"

"Kichwa, ndiyo. Toka shingo kushuka, ni nani?"

"Ni mwili tu, mama."

"Mwili ya nani?"

Benny akajikuna kidevu. Ulikuwa umetoka kwenye arusi moja ya Mabanga. Labda shemeji wa bwana arusi.

"Yeye iko muzima?"

"Nazani. Ile siku alikula vizuri."

"Benny, mimi niko kwa kilio. Mpaka samedi, kilio ikishe, siwezi kukaa karibu na mwanaume wa batu. Weye umemusimamisha hapa kando yangu, na kravati."

Benny alikuwa amezoea malalamiko. Watu walimlalamikia juu ya weusi, juu ya vitambi, juu ya meno. Lakini mama yake mwenyewe alikuwa amekaa kilio mwaka mzima bila kumpa mwanaume yeyote mkono, hata padri, kwa hiyo sharti alilijua.

"Na tena," Masika akaendelea, "huyu iko wima kama mulango. Kamate alisukuma chukudu ya mizigo miaka makumi tatu. Bega ya kuume ilishuka."

"Mama, batu wote bananiletea picha niwainulie mabega."

"Weye utashusha."

"Basi tutwae mwili ya Josias. Ni mutoto yenu, ni damu yake."

"Nikae naye kama bibi yake?"

"Yangu, je?"

Masika alimpima kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akarudia maharagi yake.

"Donc wazima wote hapana," Benny akasema. "Inabaki wafu."

Alitania tu. Lakini Masika alisimama, akafunika sahani.

"Umesema vizuri. Ila mufu naye iko na bibi. Inafaa aulizwe."

Siku ya pili yake akaenda Mabanga kwa Nyirarukundo, mjane wa Hitimana. Hitimana na Kamate walisukuma chukudu, zile baiskeli za mbao zinazosukumwa kwa mguu, pamoja kwenye barabara ya Sake, mmoja mbele na mwingine nyuma, mbao na mkaa, mpaka Hitimana akafa miaka minne iliyopita. Mzungu mmoja mpita njia alikuwa amempiga picha, na kwa ajabu kabisa aliituma. Ilitundikwa ukutani juu ya meza: Hitimana mzima, kuanzia kofia mpaka buti, amesimama kando ya chukudu yake, mkono kwenye mpini.

"Nimekuja kukuomba Hitimana," Masika akasema.

"Hitimana alikufa."

"Najua. Si nilipika kwa kilio yake? Ninaomba mwili. Kichwa utabaki nayo."

Nyirarukundo alikuwa anasonga bugali. Akasonga mpaka akamaliza, akaufunika.

"Utamufanya nini?"

"Atasimama kando yangu, na kichwa ya Kamate."

"Kwa muda gani?"

"Ni picha. Atasimama siku zote."

Nyirarukundo aliinua macho ukutani, kama mtu anayemwuliza mwenzake.

"Walipendana," akasema. "Wakati moja walikuwa na buti moja ya mvua, huyu anavaa leo, ule kesho. Bon. Lakini wakati wa kumukata mimi nitakuwa pale. Na sitoki kama sijamuona amerudi muzima."

Alhamisi wajane wawili walikaa nyuma ya Benny, kila mmoja kwenye kiti chake, fremu ya Hitimana ikiwa kwenye mapaja ya mwenye mali. Benny aliipitisha picha kwenye mashine, akaanza kuzungusha vidoti.

"Polepole na shingo," Nyirarukundo akasema, akafumba macho.

Mwili ulipotoka, Benny alimfungulia tena picha ya kwanza. "Huyu hapa, mama. Hakuguswa." Nyirarukundo akahesabu: kofia, kichwa, mikono, buti. Akamruhusu aendelee.

"Chukudu usiilete," Masika akasema. "Amepumuzika."

Benny akaiacha chukudu, akausimamisha mwili kando ya kiti, akaweka kichwa. Bega moja lilikuwa limeshuka kweli, lakini lilikuwa la kushoto, maana Hitimana alisukuma kwa mguu mwingine.

"Ni bega ya ngambo," Masika akasema.

Benny akabonyeza mahali, na mwanaume mzima akageuka kama ukurasa wa kitabu. La kushoto likawa la kuume.

Masika akashika ukingo wa meza. Alikuwa yeye, Kamate. Bega chini, goti limelegea kidogo, kama mtu aliyesimama nje kusikiliza kama mvua inakuja. Aliogopa kwamba akisema, Benny atagusa tena.

Aliyesema ni Nyirarukundo.

"Mukono ya bwana yangu inafanya nini kwa kiti yako?"

Ni kweli, mkono ulioachwa bila mpini Benny alikuwa ameulaza kwenye mgongo wa kiti cha Masika.

"Ni mukono ya papa Kamate," Benny akasema.

"Kichwa njo ya Kamate. Ile mukono ninaijua. Angalia kidole ya mwisho imepinda, ilipondwa na mbao, na ni mimi niliifunga kitambaa. Hitimana hakuwekaka mukono kwa kiti ya bibi ya mutu. Hata kwa yangu hakuweka."

"Toa mukono, Benny," Masika akasema.

"Nikiitoa itashika hewa, mama. Atakuwa kama mutu anatafuta mulango gizani."

"Ukate."

"Ukate mukono ya bwana yangu?" Nyirarukundo akainuka. Fremu alishaiweka kwapani. "Masika, tukubaliane. Arudi kwangu tu."

Benny aliondoa vidole vyake kwenye ordinatere na kuangalia dari.

Masika aliitazama ile sura iliyosimama. Miaka thelathini chukudu ililala sebuleni mwake, ikapakwa mafuta, ikafunikwa mvua iliponyesha. Alitaka kumwona mume wake bila kile kitu, mara moja tu. Na sasa angeondoka bila hata bega.

"Rudisha chukudu," akasema.

Benny akairudisha. Mkono ukapata mpini wake, kidole kilichopinda na vyote. Lakini chukudu ni pana, na ili itoshe Kamate alisogezwa hatua nzima kutoka kwenye kiti. Maandishi ya gunia lililokuwa juu yake yalisomeka kinyume, maana chukudu nayo iligeuzwa. Benny akataka kuyanyoosha, Masika akamwambia aache, hakuna mtu anayesoma gunia.

Nyirarukundo aliinama, akapima kwa macho nafasi kati ya kiti na gurudumu.

"Hapo sawa," akasema, akakaa. "Hata mimi na Hitimana, hapo njo nilikuwa ninakaa."

Jumamosi ukoo ulijaa uani. Watu waliisifu picha, lakini watu wa ukoo walikuwa wamesifu hata chumvi ya mboga, na Masika hakuwasikiliza. Alimngojea Marcelline, dada mkubwa wa Kamate, aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto na ambaye hakuwahi kusifu kitu cha mtu. Marcelline alifika kutoka Lac Vert saa sita, akaenda moja kwa moja kwenye picha, akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Uso kama mutu amekatazwa kucheka," akasema.

"Alikatazwa," Masika akajibu.

Marcelline akasogea. Akashuka na macho mpaka kwenye bega, kwenye goti, kwenye buti. Watu wa karibu wakaacha kutafuna.

"Ni yeye," akasema. "Anasimama kama anangojea umalize kusema ili aende." Akapangusa pua kwa kitenge. "Lakini Kamate alikimbiaka picha maisha yake yote. Mulimupiga lini?"

Masika hakuwa ametayarisha uongo.

"Siku ya ine," akasema, yaani Alhamisi.

"Siku ya ine gani?"

"Hii ya juzi."

Marcelline akahesabu kwenye vidole, juzi, na mwaka mzima wa kilio. Akamwangalia Masika. Akamwangalia Nyirarukundo, aliyekaa karibu na ukuta na sahani ambayo hakuigusa, macho kwenye mikono ya yule mwanaume wa kwenye picha.

"Na alikubali?"

"Alikubali," Nyirarukundo akasema.

Marcelline akavuta kiti, akakaa mbele ya picha, akaomba aletewe chakula pale pale, ale na ndugu yake.