Kidole cha Mfua Mabeseni

Mwanamuziki niliyepanga naye nyumba moja alikuwa kibarazani asubuhi hiyo, amepakata kitu kama mabeseni mawili ya chuma yaliyofunikana. Nikamtania, "Mwanangu, leo unapika bila moto?"

"Acha hizo, babu. Hii ni ala, inaitwa hendipani. Mji huu mzima ninayo mimi tu."

Akaigusa kwa ncha za vidole, na kila kibonyeo kikatoa sauti yake. Utani ukaniisha. Baba yangu alikuwa mfua mabeseni, na kila alipomaliza moja alilidonoa kwa kidole, akatega sikio. Ujanani nilizichoka kelele za nyundo yake nikaondoka, na mpaka anazikwa sikuwa nimerudi.

"Nipe na mimi niipige."

"Hapana, babu. Ikipigwa kwa nguvu inapoteza sauti."

"Mara moja tu, mwanangu. Tafadhali."

Akanisogezea, mikono yake haijaiachia. Nikadonoa na kuinua kidole upesi, kama aliyegusa chungu cha moto. Sauti ikatoka safi, ikachelewa kufa.

"Nani alikufundisha?"

"Baba hakunifundisha. Nilikuwa namwona tu."

Akainuka, akaiweka yote mapajani mwangu.