Mtamba wa Kumfunga Mgeni

Soila wa Kitengela alikuwa na mdomo, na mdomo wenyewe haukuwa na breki. Siku Adut alipoletwa kwake, msichana wa Sudan Kusini mrefu kama mlingoti wa stima, Soila alimtazama pale mlangoni akasema, "Ingia, mwanangu. Kichwa kitafuata baadaye."

Adut aliinama akaingia akicheka. Kiswahili alikuwa nacho, alikua nacho kambini Kakuma.

Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wakiisaidia nchi yake isimame: wengine wafundishwe mambo ya kura, wengine ya mahakama, na Adut akapewa soko la mifugo, ajue kuliendesha na kukusanya ushuru, nchi isikae ikitegemea mafuta peke yake. Kazi akaisomea mnadani Kajiado. Mradi ukamkodishia chumba kwa Soila.

"Hiyo nchi yenu iko na miaka mingapi?" Soila aliuliza.

"Inakaribia minne, Yeiyo." Yeiyo ni mama kwa Kimaasai, alikuwa ameshajifunza.

"Minne! Na mnataka itoe ushuru? Hapa wa miaka minne tunamfuta kamasi tu."

Adut alicheka mpaka akashika ukuta.

Soila hakujaliwa binti. Wanawe wawili walikuwa Loitokitok, na simu zao zilimkumbuka Krismasi kwa Krismasi. Huyu mgeni alikamua ng'ombe naye, aliketi naye kanisani, alimkanda magoti kukiwa na baridi. Soila mwenyewe hakujua ni lini alianza kusikiliza geti jioni.

Mwaka wa mafunzo ukaisha. Gideon, afisa wa mradi, akaja na habari mbili. Soko jipya nje ya Juba lilikuwa tayari, linamngoja Adut. Lakini pia kulikuwa na nafasi moja ya kubaki Kajiado, afundishe wenzake watakaokuja. Achague mwenyewe, ampe jibu wiki hiyo.

Gideon alipoondoka, Adut alimgeukia Soila. "Yeiyo, wewe unaonaje?"

Neno lililotakiwa lilikuwa moja, tena fupi: baki. Soila mwenye maneno ya kugawia mtaa mzima alilitafuta akalikosa. "Enda," akasema. "Unga utapumua."

Adut hakucheka. Soila naye aliona kwamba hakucheka.

Asubuhi alimshika mkono akampeleka zizini, akamwonyesha mtamba mwekundu, mzuri kuliko wote aliokuwa nao. "Huyu ni wako. Kuanzia leo sikuiti Adut. Nakuita Pakiteng, na wewe uniite hivyo hivyo."

Maana Mmaasai akikupa ng'ombe, mnaacha majina yenu, mnaitana kwa huyo ng'ombe, na undugu huo haukatwi kwa panga. Hesabu ya Soila ilikuwa nyepesi: mtu hawezi kukaa mbali na ng'ombe wake. Kilichomshinda mdomoni, ng'ombe atakisema.

Adut alipiga magoti kwenye samadi akalia kwa sauti. "Asante, Pakiteng. Asante sana."

Amefungika, Soila akajisemea, akaenda kupika chai kwa furaha. Aliporudi na vikombe alimkuta Adut anakunja nguo, anazitia kwenye sanduku.

"Pakiteng, unaenda wapi?"

"Nyumbani." Macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia. "Nitunzie ng'ombe wangu."

Hata hapo kulikuwa bado na nafasi. Soila alisimama mlangoni, chai inapoa mikononi. "Basi chunga kichwa," akasema, "huu mlango ni ule ule." Akasogea, msichana akapita.

Julai Juba ikawaka moto wa vita. Simu ya Adut ilipigwa siku nzima, haikupatikana. Kesho yake pia. Kisha Gideon akaja, akakaa kwenye stuli bila kukaribishwa, na Soila akajua.

"Ilikuwa njiani, mama. Risasi tu. Soko hata halikuwa limefunguliwa."

"Na wale wazungu wa mradi?"

"Walitolewa kwa ndege."

"Na yeye hawakumtoa?"

Gideon alitazama viatu vyake. "Ndege ilikuwa ya wageni, mama. Yeye alikuwa kwao."

Gideon alikuwa kijana mwema, na mtu mwema hawezi kuacha mama mzee akae hivyo, lazima atafute la kumpoza. "Nikuambie kitu. Usiku wa siku ile niliyoleta habari alikuwa ameshanipigia simu kwamba atabaki. Asubuhi yake akanipigia tena akifurahi na kulia. Kwao, anasema, mama hampi binti ng'ombe ila siku ya kumuaga. Akaniambia, 'Gideon, niliogopa kumuuliza mara ya pili. Sasa amenipa ng'ombe. Amenibariki niende.' Kwa hivyo roho yako itulie. Alienda na baraka zako."

Soila alichukua birika.

"Ni kweli," akasema. "Nilimbariki."

Akammiminia chai. Kikombe kikajaa, chai ikateremka kwenye kitambaa cha meza, ikaanza kudondoka sakafuni.

"Mama," Gideon akasema polepole. "Imejaa."

"Kunywa tu," Soila akamwambia, na mkono wake ukaendelea kumimina.