Vitabu vya Mtoto Gani

Kitabu cha mtoto mchanga hakishiki moto upesi. Kurasa zake ni za kadibodi ngumu, zimepakwa kitu king'aavu ili mate yasizilowanishe, na ukikitia jikoni hukaa kwanza kana kwamba kinafikiri, kisha pembe moja hujikunja na kutoa moshi mweusi wenye harufu ya gundi. Niliyajua haya nikiwa nimeketi kwenye kigoda katika jiko la mama mkwe wangu, kule Mayoni, nimejifunga leso moja tu, nikingoja maji yachemke. Maji yalikuwa ya kunikanda. Nilikuwa nimejifungua siku chache zilizopita, na msichana niliyemzaa alikuwa tayari nyuma ya migomba, chini ya udongo. Vitabu vilivyokuwa vikiungua chini ya sufuria vilikuwa vyake.

Mama mkwe wangu, Teresa, hakuvichoma kwa hasira. Hapo ndipo watu wasiponielewa ninapowasimulia. Laiti angekuwa na hasira ningemchukia, na chuki ingenipa mahali pa kuegemea. Alikuwa akilia. Alikitoa kimoja kimoja ndani ya beseni, akakipangusa vumbi kwa pindo la leso yake kama mtu anayetaka kukirudisha mahali pake, halafu akakisukuma motoni.

Kwetu mtoto aliye tumboni hanunuliwi kitu. Si nguo, si nepi, si hata sabuni ya kumwogeshea. Akija atalikuta shati kuukuu la baba yake, atafungwa humo, na mengine yatafuata. Ukimwandalia mapema, wazee husema, umemtangaza, na si kila anayesikia tangazo hukutakia mema. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nililelewa ndani ya mwiko huo na sikuwahi kuona sababu ya kugombana nao, maana haukuwa umenidhuru. Aliyeupatia upenyo ni mume wangu. Andati anauza mbegu na dawa za mifugo pale sokoni, ni mtu wa kusoma maagizo ya chupa mpaka herufi ndogo za mwisho, na mimba yangu ilipofika mwezi wa saba aliusoma mwiko huo vivyo hivyo.

"Wazee walikataza nguo," akaniambia. "Vitabu hawakuvijua. Mtu hawezi kukataza kitu asichokijua."

Nilicheka mpaka nikalishika tumbo. Jumamosi iliyofuata tukaenda Mumias.

Swaleh, muuza vitabu vya mtumba, alikuwa ametandaza turubai lake si mbali na msikiti, vitabu vimelala juu yake kama mahindi yaliyoanikwa. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, akaniuliza mtoto ana miezi mingapi ili ajue anitolee vipi.

"Bado yuko njiani," Andati akajibu, akinionyesha kwa kidevu.

Swaleh akainua macho, akayashusha kwa adabu. "Inshallah atafika salama. Basi, Mwalimu, chukua kimoja leo. Hivyo vingine nitakuwekea, mje kuvichukua pamoja na yeye mwenyewe."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Andati akasema, na sisi sote watatu tukacheka, Swaleh akicheka kidogo kuliko sisi.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sina haya kusema hivyo hata leo. Nilipiga magoti kwenye ukingo wa turubai, tumbo likinitangulia, nikaanza kuchagua. Nilijua ninachokitaka, kwa sababu kazi yangu ni hiyo: kurasa nene zinazovumilia meno ya kwanza, picha kubwa, maneno machache yenye mdundo. Nilikataa kitabu cha theluji, kwa kuwa sikutaka binti yangu aijue theluji kabla ya kuujua umande wa kwenye miwa. Nilichukua kimoja cha mabata. Nikachukua kimoja kisicho na neno hata moja, ili kila siku tukisome tofauti. Nilitafuta muda mrefu kitabu chenye mama wa rangi yangu anayemwogesha mtoto, na nilipokipata, kikiwa kimeumwa pembeni na mtoto wa watu, nilikikumbatia. Nilikataa kila kitabu ambamo mtu au mnyama anakufa.

"Sasa huyu fisi wako atakula nini, Mwalimu?" Swaleh akanitania, akiinua kitabu chenye fisi jaladani.

"Mwache alale njaa."

Andati naye alichagua kimoja, cha ng'ombe, kwa kukasirika. Mchoraji alikuwa amempa ng'ombe chuchu tatu. "Hiki tunakinunua," alisema, "ili mtoto wangu ajue mapema kwamba kitabu nacho hukosea."

Tulipofika nyumbani alipigilia ubao ukutani, chini kabisa, kwa kimo cha mtoto anayetambaa, tukavipanga vitabu hapo. Jioni alikuwa akikaa sakafuni na kulisomea tumbo habari za mabata, akiiga sauti zao, na mtoto akirusha mateke. Maktaba ya nyumbani, tuliiita, tukijicheka kwa ukubwa wa neno na udogo wa ubao.

Teresa aliiona siku aliyotuletea unga wa wimbi. Alisimama mlangoni na unga wake, akautazama ukuta.

"Hii vitabu ni ya nani?"

"Ya mtoto, Mama," nikajibu.

"Mtoto gani?"

Alinitazama tumbo, kisha uso, na nikaona hofu, si ukali. "Sisi hatufanyangi hivyo," akasema polepole. "Awinja, toa hii vitu. Peleka shule kwanza, ikae huko."

Andati akatoka chumbani, akamshika mamake begani. "Mama, ni karatasi tu. Karatasi itamfanya nini mtoto?" Alilisema hilo wazi, kwa sauti yake nzima, na nilimpenda kwa hilo. Ndiyo maana yaliyofuata sijaweza kuyameza.

Mtoto alikufa wakati wa kuzaliwa. Nesi alikuwa binti mpole. Aliketi kitandani pangu akanieleza kwamba kitovu kilimzunguka shingoni, kwamba hutokea, kwamba hakuna nililofanya wala nisilofanya. Niliyashika maneno yake kwa mikono miwili. Nyumbani, wanawake wazee walimchukua, wakamzika bila wimbo na bila jina, kama azikwavyo mtoto ambaye hakupumua. Mama haruhusiwi kwenda. Nilisikia jembe likipiga jiwe. Siku ya pili maziwa yakaja, mengi, yakalowesha nguo, na Teresa akanifunga kifua kwa kitambaa huku akiniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeyaleta.

Halafu tukaitwa. Kikao hakikuwa kikubwa: Teresa, mimi, Andati, na Shikanga, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, ambaye ndiye sauti ya boma lile. Tulikaa sebuleni kwa Teresa. Shikanga alituombea kwanza, akatupa pole, kisha akauliza, bila kumtazama mtu, "Ni nani alileta vitabu kwa nyumba kabla mtoto hajakuja?"

Sikutaka hotuba. Nilitaka sentensi moja tu, na niliitaka kutoka kinywani mwa mtu mmoja: vitabu havikumuua. Angeisema, ningelibeba kaburi lile maisha yangu yote bila kulalamika. Nilimgeukia. Andati alikuwa akiziangalia kucha zake, zenye madoa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilihesabu pumzi zake. Mamake alikuwa akilia kimya kimya pembeni, na nadhani ni kilio kile kilichomshinda, nadhani alitaka kumpa mamake kitu cha kushika. Hata hivyo alikuwa na vitu viwili vya kumpa, yeye mwenyewe au mimi, na alichagua kumpa mimi.

"Mwalimu ni yeye," akasema.

Maneno matatu, na yote ya kweli. Mwalimu nilikuwa mimi. Vitabu, ila kimoja, nilivichagua mimi. Shikanga akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mwanamke wa kusoma ana shida zake, akaagiza vitabu vitolewe. Mla nawe hafi nawe, nilikuwa nikiwaimbisha watoto darasani methali hiyo bila kuisikia.

Ndivyo nilivyofika kwenye kile kigoda. Maji yalipochemka Teresa alichovya kitambaa, akakikamua, akanibandika tumboni, nikapiga yowe. Akanikanda. Mikono yake ilikuwa mizuri, lazima niseme hivyo.

"Mama," nikamwambia, "nesi alisema ni kitovu. Kilimzunguka shingo."

"Nimesikia." Akachovya tena. "Na hicho kitovu kiliamua chenyewe?"

Nesi aliniambia namna. Hakuniambia kwa nini yeye, kwa nini huyu wangu. Teresa akaendelea kukanda, akaanza kuzungumza na tumbo langu badala ya uso. "Mimi nilizika watatu kabla ya Andati. Huyo wa kwanza nilikuwa nimemfumia kofia. Ya manjano. Nilikuwa msichana, nilidhani nimejanjaruka. Hakuna mtu alinilaumu, mtoto yangu. Mimi mwenyewe nilijua." Akanimwagia maji mabegani. "Lia. Usikae nayo ndani."

Nililia, na nikiwa nalia niliona kitabu cha mabata kikishika moto hatimaye, na maji yale yakanipa ahueni. Hilo linanitisha kuliko yote: mwili wangu uliyashukuru.

Mimba ya pili ilipoingia hakuna aliyenikumbusha. Niliubandua ule ubao mwenyewe. Nilihamishia shuleni hata vitabu vyangu vya kazi, nikasahihisha madaftari huko huko, na gazeti lililofungiwa sukari nililiacha dukani nikabeba sukari katika mfuko wa plastiki. Nilijiambia ninafanya hivyo kwa ajili ya Teresa, ili mama wa watu apumzike. Osiako akazaliwa akipiga kelele. Tukamfunga katika shati la Andati, akanyonya, akaishi. Wanawake walikuja na kuku, na mmoja wao alipoinama kumtazama akaniuliza, "Umeona sasa?"

"Nimeona," nikamjibu.

Nilidhani ni adabu tu. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilianza kushtuka. Shuleni wazazi huniuliza ni vitabu gani vinamfaa mtoto mchanga, nami huwaeleza vizuri: kurasa nene, picha kubwa, maneno machache. Kisha hurudi kwenye nyumba isiyo na ukurasa hata mmoja, na kabla ya kumwinua mwanangu hukung'uta chaki kwenye mikono mpaka ngozi iwe nyekundu.

Juzi Andati alitoka mjini Kakamega alasiri, amebeba kitu chini ya koti. Osiako alikuwa akitambaa sebuleni, akimfukuza kuku aliyeingia kujificha jua. Andati alipiga magoti mbele yangu, si mbele ya mtoto, akakitoa. Kitabu kipya, cha matunda, kadibodi nene, kimoja tu.

"Ameshaanza kutambaa," akasema. "Ni wakati wake."

Sikukipokea. Akabaki amekinyoosha kwangu.

"Awinja. Siku ile nilikosa. Vitabu havikumuua mtoto wetu."

Nimelala na sentensi hiyo na kuamka nayo tangu kikao kile. Nilikuwa nimeandaa hata nitakavyoipokea: siku nyingine kwa kulia, siku nyingine kwa kumpiga kofi, siku nyingine kwa kumsamehe. Sasa ilikuwa imesemwa, wazi, kwa ile sauti yake nzima, na nilimtafuta ndani yangu yule mwanamke aliyekuwa akiingoja. Hakuwepo. Nilimwomba aiseme tena, huenda sikusikia vizuri. Akaisema tena, neno kwa neno. Nikaisikia kama mtu anayesikia bei ya kitu asichonunua.

Osiako alikuwa amekiona kitabu na alikuwa anakuja, mkono mbele, akicheka. Nilimdaka, nikamweka begani.

"Kirudishe ulikokitoa," nikamwambia baba yake. "Na unawe mikono kabla ya kumshika mtoto."

Akakirudisha chini ya koti. Kisha akainuka, akatoka, na nikamsikia nje akimimina maji, akinawa.