Kosa la Kucheza Vizuri

Asubuhi ya Jumatatu Verlene Stucky aliketi mbele ya meza ya Duane, yule bwana wa kasino anayewagawia wateja vyumba na vyakula vya bure. Bintiye Tamsin alikuwa anakuja Las Vegas Alhamisi na wajukuu wawili, baada ya miaka sita ya kununiana, na Verlene alishajitapa kwenye simu: chumba juu yangu, nakipata bure.

"Mama, kompyuta imekataa," Duane alisema.

"Acha utani. Miaka kumi na miwili nacheza karata za poka kwenye mashine zenu. Mwaka jana nilipewa chumba. Nimepunguza nini?"

"Hujapunguza. Lakini haiangalii ulichopoteza, inaangalia tunachotarajia upoteze. Inachukua fedha zote ulizopitisha kwenye mashine, inatafuta fungu letu humo, halafu inakurudishia robo yake. Na wewe hukosei karata. Fungu letu kwako ni senti."

"Nani kaiambia kuwa sikosei?"

Duane akainamia kalamu yake.

Hapo Verlene akakumbuka. Mwezi Juni, wiki Duane alipofiwa na mama yake, Verlene alimpelekea nyumbani bakuli la tambi na kuku. Ili kumchangamsha akamwaga karata mezani, akamfundisha ipi ya kushika na ipi ya kutupa, huku akijisifu kwamba yeye hukosea mara moja kwa mwezi.

"Uliniandika."

"Tumeagizwa tuwaandike mastadi wote. Nina kazi, mama."

"Siku ile hukuwa kazini, Duane. Ulikuwa unalia."

Duane akasogea, akashusha sauti. "Kacheze zile za picha za matunda siku tatu. Hizo kompyuta inazipenda. Chumba utapata."

"Zile za wajinga?"

"Hizo hizo."

Verlene akanyanyuka bila kuaga. Alipita mashine za matunda, akakipita kiti chake alichokizoea, mpaka kaunta ya mapokezi, akalipia chumba cha siku tatu kwa fedha alizoweka za kutengeneza gari.

Alhamisi wajukuu walikuwa wakirukaruka kitandani. Tamsin akafungua pazia, akageuka.

"Kweli hujalipa hata senti, mama?"

"Hata senti," Verlene akasema. "Hapa wananipenda."